Mbwa Anayeitwa Deni

Mwenzangu, kama hujawahi kulipwa deni kwa mbwa, mshukuru Mungu halafu uvute kiti.

Shemeji yangu wa Kitale tunamwita Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila swali la pesa. Alinikopa shilingi 3,000 akisema anaongezea za mbolea. Mbolea hiyo sijui aliimwaga shamba gani, maana mahindi yake yalitoka ya manjano tangu majani hadi shina. Nilimdai mwaka mzima. Nikipiga simu, kesho. Nikituma ujumbe, kesho kutwa. Ndipo siku moja akashuka kwenye matatu hapa Mabanga amekumbatia katoni ya mafuta ya kupikia, na ndani ya katoni mna kijibwa chenye masikio yasiyosikizana: moja limesimama wima, la pili limelala.

"Shemeji, huyu ni Mjerumani nusu," akaniambia. "Kitale anaenda elfu tano bila kupunguza. Ukitoa zile tatu, mimi ndiye nakudai elfu mbili. Lakini sisi ni familia, nipe hata kesho."

Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Ni ndugu yake, angefanya nini? Mimi nikampa kijibwa jina la Deni, nikidhani shemeji akija kututembelea ataona haya. Haya hakuona. Walioaibika ni sisi. Ukipita nyuma ya ua wetu jioni utasikia "Deni amelala wapi leo?" na "Mfungie Deni nje!" na "Mama, Deni ananifuata mpaka choo!" Utaapa kwamba humu mnakaa watu wanaosubiri mnada.

Kabla sijafika mbali, nikujulishe serikali ya boma hili, maana mimi humu ni mwananchi wa kawaida. Mama yangu, Kukhu wa watoto, ni Spika. Magoti yalistaafu lakini sauti ilibaki kazini, na akishakalia kiti chake cha plastiki pale barazani hakuna hoja inayopita bila yeye. Mke wangu ni Mkaguzi Mkuu. Anajua viazi nilivyonunua vilikuwa vingapi na vilivyofika nyumbani ni vingapi. Msichana wetu wa miaka sita ni Redio, na kitufe cha kumzima hatujakipata. Mvulana wa Gredi ya 6 ni Wakili. Huyo ukimwambia alale atakuomba umwonyeshe ilipoandikwa.

Halafu kuna Papa, baba yangu, Kuka wa watoto. Papa ni Mizani, kwa kuwa alipima miwa miaka 29 katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, hapo Bukembe. Matrekta yalipita mbele yake hadi mkono wake wenyewe ukageuka mizani. Mpe kuku ashike, atakwambia kilo mbili na robo, manyoya yakiwemo. Watoto wengi wa kijiji hiki walipimwa na Papa kabla ya kupimwa kliniki, na sijasikia kliniki ikimpinga.

Mimi nina duka la dawa za mifugo kando ya barabara. Wateja hutoka mbali kuja kuniuliza namna ya kumtuliza ng'ombe mkorofi. Ningekuwa mkweli ningewaambia wakamuulize mtu mwingine.

Macho ya Papa yaliondoka kwa adabu, polepole, yakianzia pembeni. Hakulalamika maumivu. Alianza kugonga miguu ya meza, tukasema ni uzee. Akaanza kumpita Spika uani bila kumsalimu, Spika akasema ni kiburi, wakakaa wiki mbili bila kusemezana. Tulipompeleka hospitali ya macho ya Sabatia, kule Vihiga, mimi njia nzima nilikuwa nikiomba iwe mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hutolewa, mtu akarudi nyumbani akihesabu kuku wake na kugundua wangapi mliuza. Lakini ilikuwa presha ya macho. Hiyo hula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukishakufa haufufuki. Daktari alipomaliza na Papa alinigeukia mimi, akasema ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo, na kwamba niketi pale nipimwe. Niliketi haraka kuliko nilivyowahi kuketi mbele ya Mkaguzi Mkuu. Nilikutwa salama, asante.

Sasa swali likawa nani atamshika mkono mzee. Mimi lazima nifungue duka saa moja asubuhi. Magoti ya Spika unayajua. Na mke wangu, hata angetaka vipi, kwa mila zetu Wabukusu mke wa mwana hamshiki baba mkwe mkono. Hata salamu za mkono hazipo. Atampikia, atamfulia, atamsemesha kutoka mlangoni, lakini mkono ni mwiko.

Mkaguzi Mkuu hashindwi na kanuni, huzipitia pembeni. Alichukua sufuria ndogo na kijiko. Papa akitaka kwenda bafuni, mke wangu hutangulia hatua sita mbele akigonga sufuria, ting, ting, ting, na Papa hufuata mlio. Mila haijavunjwa, mzee ameoga. Spika aliita jambo hilo "bendi ya jeshi". Mimi niliwaona jioni moja wakivuka ua, mke wangu mbele na sufuria, baba yangu nyuma na taulo begani, nikaondoka polepole nikajifanya natafuta kitu stoo.

Ila bendi haifiki barabarani. Papa ana kibanda chake cha chai pale njia panda, ambapo wazee wenzake hukutana kila asubuhi kusahihisha makosa ya serikali. Bila kibanda hicho Papa hunyauka. Kazi ya kumfikisha huko ikamwangukia Wakili. Umeshawaona watu kama hao katika masoko yetu yote: mtoto mbele, mzee nyuma, fimbo katikati, kila mmoja ameshika ncha yake. Tukaona ni jambo zuri, mjukuu na babu. Papa alikuwa akimpa shilingi 20 kila Jumamosi. Kila mtu aliridhika.

Kila mtu isipokuwa Wakili. Usiku mmoja tukiwa mezani alisimama, akafungua daftari na kutusomea barua ya kujiuzulu.

Alitaja Katiba ya 2010, kifungu cha 53, kwamba kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, bure na ya lazima. Hayo alikuwa ameyapata shuleni. Papa, ambaye husikiliza redio usiku kucha, akamjibu papo hapo kwamba kinachofuata ni cha 54, cha watu wenye ulemavu, kinachosema lazima waheshimiwe na wafikishwe mahali kama wengine. Spika akauliza kama wazee hawamo. Wakili akapekua. Wamo, kifungu cha 57. Nikauliza baba wa nyumba yuko kifungu gani. Hakuna aliyenijibu, nikaongezwa ugali.

Halafu Wakili akatoa kile ambacho mawakili hukiweka mwisho: barua ya mwalimu wake wa darasa. Muhula ule alikuwa amechelewa mara kumi na saba. Hesabu hufundishwa asubuhi, na matokeo yake ya hesabu yalikuwa yameambatanishwa. Sitayataja, mtoto ana heshima yake.

Papa aliweka tonge chini. "Mbona hukuniambia unachelewa?"

"Ulikuwa unasimulia, Kuka," mtoto akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Pale mezani hata Redio ilizimika.

Papa alinawa mikono na kusema kuanzia kesho hataenda kibandani. Wakili, ambaye hakuwa ametarajia kushinda kesi namna hiyo, akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema ana suluhisho. Akaomba simu yangu. Suluhisho alikuwa ameliona kwenye video na lilikuwa muda huo limelala chini ya meza likisubiri mfupa.

Video ilieleza mambo ambayo, nakiri, yalinivuta hata mimi. Vita Kuu ya kwanza ilipowapofusha maelfu ya wanajeshi, Wajerumani walifungua shule ya kufunza mbwa wa kuwaongoza, mjini Oldenburg mwaka 1916. Mwaka 1928 kijana Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirudi New York kutoka Uswisi na mbwa wake Buddy, akavuka barabara yenye magari mengi mbele ya waandishi wa habari, na mwaka uliofuata shule ya namna hiyo ikaanzishwa Marekani. Afrika Kusini mama mmoja, Gladys Evans, alianzisha chama cha mbwa wa kuongoza mwaka 1953.

"Wa kwanza walianza na mbwa wa Kijerumani," Wakili alimaliza. "Na Deni ni Mjerumani nusu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza uongo wa shemeji Kesho kutumiwa kama ushahidi.

Mimi ndiye mtaalamu wa wanyama, nikajaribu kupinga. Mbwa wa kazi hiyo hulelewa na familia kwa mwaka na zaidi, akizoeshwa sokoni, garini na kwenye ngazi, ndipo aende kwa walimu miezi mingine kadhaa. Na kwetu hapa mbwa ana kazi moja, kubweka. Akimaliza hutupiwa jiwe. Sijawahi kumsikia mtu wa Mabanga akimwambia mbwa asante. Hoja yangu ilipelekwa kwa Spika, naye akaamua kwamba mbwa haingii ndani ya nyumba, lakini nje afanye anavyotaka.

Mafunzo yakaanza Jumatatu. Wakili alitengeneza lijamu kwa mikanda ya begi kuukuu na mpini wa mwavuli. Nilipotafuta mwavuli wangu siku ya mvua niliukuta bado unao mguu, ila hauna mkono. Redio alimkatia Deni jaketi ya bodaboda inayong'aa. Amri zilitolewa kwa lugha tatu. Wakili alitumia Kiingereza cha video, Papa Kiswahili cha kiwandani, na Spika alimfokea Kibukusu kutoka kitini. Deni hakuelewa hata moja. Lugha aliyoielewa ni ya sufuria. Jioni ile mke wangu alipotoka na bendi yake kumpeleka Papa bafuni, ting, ting, mbwa alidhani chakula kimeiva, akapita katikati yao kama gari la zimamoto. Sufuria ilipatikana chini ya mwembe. Papa alipatikana amekaa kwenye beseni la nguo, mzima, akicheka. Mke wangu alisimama pale mikono hewani, hawezi kumwinua, anapiga kelele niletwe.

Siku ya tatu wakaingia barabarani. Nilipokea taarifa kwa simu kutoka kwa mwenye bucha: "Babako yuko hapa, anataka nyama gani?" Papa hakutaka nyama yoyote. Alikuwa akienda kunywa chai. Ila heshima ya mzee haimruhusu kufika bucha na kuondoka mikono mitupu, kwa hivyo alinunua nusu kilo, akaishika na kumwambia mwenye bucha haijafika nusu. Kweli haikuwa imefika. Kesho yake Deni akampeleka palepale. Wiki ile tulikula nyama siku nne, Mkaguzi Mkuu akafungua faili.

Wakili hakukata tamaa. Alinieleza kwamba mbwa aliyefuzu hufundishwa hata kukataa amri. Akiambiwa twende na gari linakuja, husimama kama kisiki, bwana wake akasirike asikasirike. Ni ukaidi wenye akili. Nikamwambia Deni basi amefika nusu ya masomo, maana ukaidi anao.

Ijumaa, pale kando ya barabara kuu, lori moja la mafuta la kwenda Malaba lilipiga honi. Mbwa wa kuongoza alijilaza chini, miguu minne imetawanyika kama ngozi ya kuanikwa. Akakataa kuamka. Papa alimburuta kwa lijamu lake mpaka langoni kwetu, mita mia tatu, akiulizia njia kwa kila aliyempita. Alipofika aliketi, akafuta jasho, akatukumbusha habari za Henry Wanyoike, mwanariadha wetu asiyeona, aliyekimbia mita 5,000 kwenye Paralimpiki za Sydney mwaka 2000. Kiongozi wake alikuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu, na Wanyoike akamvuta hadi kwenye utepe na dhahabu akaipata. "Lakini yule alivuta mtu," Papa akasema. "Mimi nimevuta kilo kumi na nane na nusu."

Hapo ndipo shemeji Kesho alipopiga simu. Alikuwa amesikia. Kitale, alisema, anamfahamu mwalimu wa mbwa, mtu aliyestaafu polisi, mje Jumamosi. Najua unavyofikiri. Mimi pia nilifikiri hivyo. Lakini Papa alishaanza kuvaa koti.

Tulipanda matatu Webuye, mimi, Papa, Wakili na Deni. Makanga akatusimamisha mlangoni.

"Mbwa anaenda wapi?"

"Huyu si mbwa," Wakili akasema. "Ni kifaa cha usaidizi. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2008, watu wenye ulemavu wasaidiwe kusafiri kwa gharama nafuu."

Makanga alimtazama mtoto, akamtazama Deni na masikio yake. "Basi kifaa kikae kwenye buti."

Tulizozana dakika kumi. Abiria waligawanyika. Mwanamume mmoja alisema mbwa ni najisi, mwingine akasema yeye juzi amesafiri na mbuzi na hakuna aliyeuliza uraia wake. Tulikubaliana Deni alipe nauli ya mtoto na akae miguuni pangu. Mpaka Lugulu alikuwa mtulivu. Misikhu akapanda mama mwenye kuku watatu kwenye kikapu. Sitaki kusimulia yote. Nitasema tu kwamba kuku mmoja aliishia mikononi mwa Papa, naye, mbawa zikimpiga usoni, akauliza kwa upole mama alimnunua kwa bei gani, maana ni kilo moja na nusu tu. Mama akasahau hasira zake kwetu, akaanza kumlaani aliyemuuzia. Kamukuywa Deni alitapika kwenye viatu vyangu. Kiminini dereva alisimama tuoshe.

Mwalimu wa mbwa aligeuka kuwa mlinzi wa usiku wa ghala la mahindi, mwenye filimbi. Hakuwahi kuwa polisi, aliwahi tu kupanga nyumba karibu na polisi. Akapuliza filimbi mara moja. Deni akaruka, akapasua lijamu, akapotelea mjini Kitale na mpini wa mwavuli wangu. Tukaanza kumkimbiza, mimi, Wakili, mlinzi, na kwa mbali nyuma Kesho, akituita tusiwe na haraka. Papa tulimwacha kwenye benchi nje ya duka moja.

Tuliporudi saa mbili baadaye, na Deni tukiwa tumemtoa chini ya meza ya nyama choma, Papa hakuwa peke yake. Pembeni yake aliketi bwana mmoja wa makamo, suti safi, na fimbo nyeupe imeegemea goti. Walikuwa wakicheka kama watu waliotahiriwa pamoja. Bwana yule ni mwalimu, na yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Alisoma katika shule ya wasioona ya Thika, ile iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Alikuwa amekuja mjini peke yake, kwa bodaboda, kununua kofia.

"Mzee amenieleza habari za mbwa," akaniambia. "Mbwa hawa ni wazuri sana, nimewasoma. Lakini mbwa hajui njia ya kwenda kunywa chai. Njia ni lazima uijue wewe, umwambie kulia, kushoto. Yeye hukwepa shimo tu. Nimemuuliza mzee, njia ya kwenda kibandani unaijua?"

"Nikamwambia naijua kuliko wote wanaonivuta," Papa akasema.

Nilitafuta la kusema. Miezi yote ile tulikuwa tukigombania nani amwongoze Papa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amepotea.

Mwalimu alimsimamisha, akampima kwa fimbo yake: ncha chini, mpini kifuani. Akamwonyesha, palepale kwenye varanda, watu wakipita na magunia. Mguu wa kulia unapokwenda mbele, fimbo inagusa kushoto. Wa kushoto ukienda, fimbo kulia. Kwa hivyo kila hatua unakanyaga mahali ambapo fimbo imeshatangulia. Wakili akauliza kwa nini nyeupe. Mwalimu akamwambia ya Muingereza wa Bristol, James Biggs, aliyepoteza macho kwa ajali na mwaka 1921 akaipaka rangi fimbo yake ili magari yaliyoanza kujaa karibu na kwake yamwone. "Hiyo rangi si yangu," alisema. "Ni ya dereva."

Alikuja kwetu Mabanga Jumamosi tano. Nauli nililipa mimi, na alikataa kitu kingine isipokuwa kuku. Wa kwanza Papa alimpima mbele yake. Somo lilikuwa gumu, usidhani ni uchawi. Papa alitoboa ndoo mbili, akaingia kwenye sukuma wiki mara nyingi hadi Spika akapaita kiwanja cha ndege. Jioni moja alirusha fimbo na kusema hataki tena, na siku mbili hakuigusa. Lakini kilichomshinda mwalimu hasa ni sisi. Alitembea ndani ya ua wetu mara moja, akasimama, akauliza, "Nyinyi huwa mnahama kila siku?" Jembe liko njiani. Kigoda kiko mlangoni. Jiko la makaa hulala popote lilipozimwa. Viatu vya Redio viko kila mahali isipokuwa miguuni. Akasema fimbo itamwonyesha mzee kilichopo, lakini haiwezi kukisia tutakachotupa kesho. Kila kitu kiwe na makao, na mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa.

Papa akaifanya kuwa sheria. Anayeacha kitu njiani hutoa shilingi 10 kwenye kopo la kahawa. Watoto walishika adabu kwa wiki moja. Mke wangu hajawahi kulipa hata senti. Spika anadai kinga ya bunge. Kopo lile limejazwa na mtu mmoja, na hivi ninavyoandika ugoko wangu una alama ya kigoda nilichokiacha mwenyewe. Jumapili Papa hulichukua, akalinyanyua na kutangaza bila kulifungua: "Mia mbili na themanini." Tunahesabu. Mia mbili na themanini.

Asubuhi ya kwanza aliyokwenda peke yake hakumwambia mtu, ila sote tulijua. Mimi nilichelewesha duka na kujibanza nyuma ya ua wa miti. Mke wangu alikuwa jikoni na sufuria mkononi, endapo. Spika alisogeza kiti mpaka ukingo wa baraza. Wakili, aliyestahili kuwa shuleni, alikuwa juu ya mpera. Papa alifika langoni, tok, tok, akasimama, akasema bila kugeuka: "Wote mnaopumua hapo nyuma, nendeni kazini. Na wewe wa mperani, kengele imeshalia."

Akaenda. Deni alimfuata hatua tano nyuma, kwa sababu mfukoni mwa koti mlikuwa na mandazi. Mpaka leo ndiyo kazi yake. Wazee wa kibandani wanasema Mizani amepata mlinzi, na Papa huwajibu kwamba wanaume wote wa Mabanga hufuatwa na madeni, yeye tu ndiye anayelilisha lake. Wakili sasa hufika shuleni kabla ya mwalimu. Ile 20 ya Jumamosi ilikatwa, amekata rufaa.

Kwa hivyo, mwenzangu, ukipita njia panda yetu ukamwona mzee mwenye koti la kahawia na fimbo nyeupe, usimdake mkono ukamvusha barabara ambayo hakutaka kuivuka. Yalishamkuta mara mbili, na mara zote ilibidi aombe kurudishwa. Msalimie, taja jina lako, umuulize. Akikubali, mpe kiwiko chako akishike yeye. Mbwa aliye nyuma yake usimpe kitu. Na ukifika Kitale ukakutana na shemeji yangu, mwambie zile 3,000 bado nazingoja. Atakujibu unavyojua.